Ndugu wa Treni, Ndugu wa Parseli

Baba akifariki Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, ugomvi wa kwanza wa watoto wake hausubiri siku ya kugawa mali. Huanzia kwenye kilio chenyewe, viti vya kukodi vikiwa bado uani, pale anapotafutwa mtu wa kusimama mbele ya waombolezaji na kusema kwa jina la familia. Kama marehemu alikuwa mtu wa Kasai, kama walivyokuwa wengi waliolijenga jiji hili, Chiluba cha kumsindikiza anakijua mtoto wa kwanza, aliyekulia Mwene-Ditu au Ngandajika. Anajua majina ya ukoo, anajua kijiji, anajua nani apelekewe habari kwanza na nani akirukwa atanuna. Wadogo zake waliozaliwa Lubumbashi wanajua mambo mengine: shefu wa kartiye, muuguzi aliyekuwa akija kumchoma baba sindano, fundi anayedai pesa za mabati, kabati ilimo hati ya parseli. Mkubwa anasimama, anaanza kusema, na minong'ono inaanza nyuma yake. Jioni, watu wakishapungua, mdogo anatoa lililokuwa moyoni: "Yaya, shiye njo tulibakia naye." Yaani: mkubwa wetu, sisi ndio tuliobaki naye.

Kauli hiyo huitwa wivu. Makanisani huhubiriwa kama wivu, na Kaini na Esau na ndugu zake Yosefu huletwa kutoa ushahidi. Baada ya kuketi na familia nyingi zenye mizozo ya namna hii, naamini tunaipa jina lisilo lake. Wivu ni kutamani kitu cha mwenzako. Hapa kila mmoja anatamani kitu chake mwenyewe kitambulike: miaka aliyoitoa, shule aliyoikosa, usiku aliokesha hospitalini, fedha aliyoituma. Ni hesabu ya familia ambayo haijawahi kufungwa tangu safari ya kwanza ya kutoka Kasai, na waliopaswa kuifunga, yaani wazazi, mara nyingi hufa bila kuigusa.

Kasungami iko katika komini ya Annexe, ile pana inayozizunguka nyingine sita za jiji: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi. Watu huja huku pembezoni wakishindwa na kodi za ndani ya mji, au wakiwa wamepata kitita mara moja maishani. Parseli inanunuliwa, matofali yanafyatuliwa, chumba kimoja kinaezekwa, familia inahamia, na vyumba vingine vinafuata miaka ikienda. Nyumba inayojengwa hivyo haiwi ya mtu mmoja hata kama hati ina jina moja. Ukuta wa mbele ni mshahara wa baba. Bati la jikoni ni sombe aliyouza mama. Mlango wa chuma umelipwa na kijana anayefanya kazi Kolwezi, na kisima kimechimbwa kwa pesa za binti aliyeolewa Kipushi, pesa ambazo mumewe hakuambiwa zote. Siku ya kugawa, hakuna risiti hata moja, ila kila mtu anakumbuka tofali lake.

Ili kuelewa kwa nini watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa wageni kwa wenzao kiasi hiki, lazima turudi kwenye reli na mgodi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika 1910 na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanza. Wafanyakazi wa mwanzo wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya karibu, kwa mikataba mifupi, bila wake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mwendo. Ilianza kuandika watu kwa miaka mitatu mitatu, na kumtaka mfanyakazi aje na mke. Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Bukama na Port-Francqui ikipita katikati ya Kasai, na kuanzia hapo treni ndiyo iliyoleta Wakasai kwenye shaba, familia kwa familia.

Nisisitize jambo moja la kambi za kampuni, maana athari yake bado tunaiona. Posho ya unga, samaki na mafuta ilipimwa kwa kuhesabu walio nyumbani kwa mfanyakazi: mke na watoto waliomo kambini. Mtoto aliyeachwa kwa nkambo (babu au bibi) kijijini hakulishwa na kipimo hicho. Mwenzake wa kambini alikula unga wa kampuni, akatibiwa na kampuni, akasomeshwa na wamisionari. Baba yao alikuwa yuleyule, lakini daftari lilikuwa limekwisha kuwatenga. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu kizima juu ya familia ya mfanyakazi wa Katanga kati ya 1910 na 1997, akionyesha jinsi kampuni ilivyokaa mahali pa baba, na jinsi mamlaka ya baba wa kweli yalivyoporomoka kampuni ilipoanguka. Mimi naongeza kwamba mamlaka ya kaka mkubwa yaliporomoka pamoja nayo, kwa sababu mdogo aliyesoma mjini alikuwa anajua dunia ambayo mkubwa hakuwahi kuonyeshwa.

Halafu uhamiaji ule haukuwa wa kwenda tu. Watu walirudishwa. Wakati wa kujitenga kwa Katanga, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa Elisabethville mwaka 1961, na mwaka uliofuata wengi wakapelekwa Kasai ya Kusini. Miaka 30 baadaye ikaja zamu iliyo mbaya zaidi. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, aliteuliwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, na katika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, chuki dhidi ya Wakasai ikamwagika barabarani. Waliitwa bilulu, wadudu. Likasi, na Kolwezi mwaka 1993, zilikaribia kubaki bila Wakasai. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Walikaa kwenye vituo vya treni wiki kwa wiki, wakila na kuugua palepale relini, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Watoto walikufa vituoni. Siandiki haya kuwasha moto uliozimika. Nayaandika kwa sababu bila haya huwezi kuelewa kwa nini mtu wa miaka 50 anatetemeka midomo akizungumzia chumba cha nyuma cha parseli ya baba yake.

Ndani ya Lubumbashi yenyewe, Wakasai wengi walibaki. Hapo ndipo ndugu walipogawanyika. Fikiria familia yenye baba mfanyakazi Lubumbashi na watoto wakubwa waliokuwa tayari na kazi au ndoa Likasi. Wakubwa walipanda treni. Wadogo walibaki na wazazi. Wakubwa walishuka Mwene-Ditu, katika nchi waliyoambiwa ni kwao, wakiwa na Chiluba chenye lafudhi ya Kiswahili, wakachekwa sokoni na kuitwa watu wa Katanga. Kule walianza upya bila sufuria. Wadogo walibaki Lubumbashi wakijifunza kutosema Chiluba barabarani, kuwajibu wazazi kwa Kiswahili hata walipoitwa kwa Chiluba, kutaja jina la mwisho kwa sauti ya chini. Kila upande ulilipa. Kila upande unaamini mwenzake ndiye aliyepona.

Miaka ikapita, na baadhi ya wakubwa walirejea. Walikuta nini? Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière na iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeanguka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kazini katika mpango wa kujiuzulu kwa hiari uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, baada ya kudai mishahara ya miezi mingi mno. Pesa ya kuondokea ilikuwa ndogo kuliko matumaini, lakini kwa wengine ilitosha parseli huku nje ya mji. Mkubwa anaporudi kutoka Mbuji-Mayi anaikuta nyumba asiyoijua, imejengwa kwa jasho la kazi ya baba ya miaka yote, pamoja na ile miaka aliyokuwapo na kusaidia kulea. Wadogo wanamkaribisha, wanamwita Yaya, wanamwonyesha pa kulala. Pa kulala ni sebuleni.

Alfred Adler, daktari wa Vienna aliyefikiri sana juu ya nafasi ya mtoto katika familia, alieleza kwamba mzaliwa wa kwanza huumia pale anapozaliwa wa pili, kwa sababu hapo ndipo anapopoteza enzi yake. Nadharia hiyo imezaa vitabu vingi, na wanasaikolojia wetu wameisoma. Lakini imejengwa juu ya nyumba moja, meza moja, mama yuleyule kila asubuhi. Katika familia nyingi za Lubumbashi mkubwa na mdogo hawakukaa meza moja utotoni. Hawakugombania paja la mama. Walikutana wakiwa watu wazima, kila mmoja akiwa na picha yake ya wazazi walewale. Wa kwanza anamkumbuka baba kijana, mkali, mwenye ngoma na hadithi za Kasai. Wa mwisho anamjua mzee asiyelipwa mshahara, anayekaa kimya mlangoni. Wakianza kubishana "baba alitaka nini," wote wawili wanasema kweli, na wanazungumzia watu wawili.

Tofauti za utamaduni zinaonekana kwanza jikoni. Dada aliyetoka Kasai anachanganya unga wa muhogo na wa mahindi, anasonga mpaka bukari inakuwa na utelezi na rangi anayoijua. Watoto wa mdogo wake, waliozoea bukari nyeupe ya mahindi, wanaimega kwa ncha za vidole na kutazamana. Mama yao anawakemea kwa Kiswahili cha haraka, akidhani shangazi mtu hafuati. Shangazi anafuata kila neno, kwani alizaliwa Likasi. Siku inayofuata anapika kama wanavyotaka wao, na hakuna anayemshukuru, maana hakuna aliyeona kwamba ametoa kitu. Nimeona familia zikirudi kwenye sufuria hiyo baada ya miaka, katikati ya mjadala wa hati na mipaka ya parseli.

Shule ndiyo sehemu nzito zaidi ya hesabu hii, na naomba msomaji anivumilie nikiikalia. Mwaka 1992 na 1993, serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kuwalipa wenyewe ili madarasa yasifungwe. Mpango wa dharura ukawa desturi ya zaidi ya miaka 25, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa Septemba 2019. Mtoto yeyote aliyeanza shule katikati ya miaka hiyo alisomeshwa na mfuko wa nyumbani, na mfuko haukutosha wote. Ikabidi kuchagua. Binti wa kwanza aliuza mkaa ili wa tatu alipiwe minervali, yaani karo. Kijana wa pili aliacha darasa la nne la sekondari akaenda kuchimba, ili wa tano apate diploma ya serikali. Hakuna aliyeandika. Wazazi walisema "mtasaidiana," na neno hilo likawa mkataba wote. Leo wa tano ana kazi ya ofisi, anavaa vizuri, anasema Kifaransa mbele ya wageni, na anamshauri kaka yake mchimbaji jinsi ya kupangilia maisha. Kaka anachukia ushauri huo kwa sababu anajua bei yake. Mdogo naye hajui, kwa kuwa alikuwa na miaka 7 pesa zilipotolewa na hakuna aliyemweleza. Tunamwita mmoja mwenye kinyongo na mwingine mwenye kiburi. Wote wawili wamenyimwa taarifa.

Na wimbi halijaisha. Vita vya Kamuina Nsapu, vilivyoanza Kasai ya Kati mwaka 2016, viliwang'oa watu zaidi ya milioni moja kutoka makwao, na vijana wameendelea kushuka kusini wakitafuta kazi. Wengine ni watoto wa baba mmoja na wenye parseli, kutoka nyumba aliyoiacha zamani. Wanafika na begi moja na jina la ukoo. Maneno mabaya juu ya Wakasai yameanza kusikika tena mjini, na inaniuma kusema kwamba wanaoyarudia wakati mwingine ni wadogo zao waliozaliwa hapa, wanaoogopa kwamba mgeni huyu mwenye lafudhi atawafanya nao wahesabiwe wageni.

Jambo linazidi kuwa gumu mama anapokuwa wa asili nyingine. Waluba wa Kasai hufuata ukoo wa baba. Wabemba na Walamba, wenye mizizi kusini mwa Katanga na ng'ambo ya mpaka wa Zambia, hufuata ukoo wa mama. Mwanamume wa Kasai aliyeoa binti wa Kibemba hapa mjini, na kuacha watoto wengine Kasai kwa mke wa kwanza, ameweka nyumba moja chini ya sheria mbili. Watoto wa mjini wana yama, ndugu ya mama yao, ambaye kwa mila ya kwao ndiye mwenye sauti. Watoto wa Kasai wanaletewa tatu mukaji, dada ya baba, naye anaingia uani akijua kwamba anapoongea ni kama baba ameongea. Wazee hao wawili wanapokaa viti vinavyotazamana, watoto wanasahau kwamba walikuwa wanataka kuelewana. Kila mmoja anajificha nyuma ya mzee wake. Kwa uzoefu wangu, ndugu wa nusu damu walioachwa wazungumze peke yao kwanza hufika mbali zaidi.

Nchi hii ina hadithi kongwe juu ya jambo hilihili. Walunda husimulia kwamba mtawala wao wa zamani alidharauliwa na wanawe Kinguri na Chinyama, akatunzwa na binti yake Ruweej, naye akampa binti ile bangili ya utawala, lukano. Ruweej akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, na lukano ikapita kwake. Kaka zake hawakukubali kutawaliwa na mgeni. Wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi, katika nchi ambayo leo ni Angola. Mreno Henrique de Carvalho aliikusanya simulizi hii katika miaka ya 1880, na wanahistoria bado wanabishana juu ya kiasi cha historia kilichomo. Mimi naisoma kwa swali la familia. Aliyemtunza mzee alipewa kitu kinachoonekana, mbele ya watu, mzee akiwa hai. Waliokasirika walijua walichokosa na sababu yake. Walunda wakaenda mbali zaidi: anayerithi cheo hurithi pia jina na undugu wa aliyemtangulia, ili machifu wawili waendelee kuwa kaka na mdogo hata baada ya vizazi vingi. Waliona kwamba undugu ukiachwa ujilinde wenyewe, safari huumaliza.

Sheria ya taifa imejaribu kuweka mstari. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, kwa sehemu sawa, wa kike na wa kiume, wa ndani ya ndoa na wa nje ya ndoa ilimradi baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki inakwenda kwa mjane au mgane, wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa. Ni sheria nzuri, na ingefuatwa ingewaokoa yatima wengi waliotolewa nje na baba wadogo siku chache tu baada ya mazishi. Mtoto aliyeachwa Kasai bila cheti na bila kutambuliwa rasmi anaweza kuikosa kabisa, kwa hiyo baba mwenye watoto huko anatakiwa kuwaandikisha leo, akiwa na nguvu za kufika ofisini.

Lakini sheria hiyohiyo, pasipo wosia, inamweka mrithi mwenye umri mkubwa kuwa msimamizi wa kugawa mali. Katika familia ninazozungumzia, mwenye umri mkubwa ndiye aliyepanda treni: asiyemjua shefu wa kartiye, asiyejua deni la bati, asiyejua nani alijenga nini. Akiikubali kazi, wadogo wanaona mgeni ametawazwa. Akiikataa, anaona amevuliwa ukubwa mara ya pili. Kanuni inamruhusu kujiuzulu na warithi kumteua mwingine. Ninachopendekeza kwa familia ni kwamba mkubwa aipokee, kisha kabla ya kupima hata ukuta mmoja, awakalishe wote na kila mmoja aeleze kwa zamu alichotoa na alichokosa, na mtu aandike daftarini: mkaa uliouzwa, darasa lililoachwa, kituo cha Likasi, fedha ya mlango. Wengi hunijibu kwamba hilo litaamsha maumivu. Maumivu yako macho tayari. Nimeona mdogo akisikia kwa mara ya kwanza kwamba minervali yake ilitoka kwenye mkaa wa dada, na bei ya chumba cha nyuma ikashuka saa ileile.

Kuna mtu mmoja ambaye hata daftari hilo humsahau, naye ni binti aliyebaki nyumbani kumuuguza mzee. Hakupanda treni, hakusoma mbali, hakutuma fedha. Alifua mashuka, alipika uji, aliamka usiku kumgeuza baba, akakataa ndoa moja au mbili kwa ajili hiyo. Robo tatu ikigawanywa sawa, anapata sawa na yule aliyekuja siku ya mazishi, na kwa kawaida nyumba ikiuzwa yeye ndiye asiye na pengine pa kwenda. Sheria haikuiwekea kazi hiyo kifungu. Ndugu wanaweza kuiwekea wenyewe, kwa maandishi na saini zao wote, kwa kumwachia chumba au sehemu ya parseli kabla ya mgawanyo. Na mzee aliye hai anaweza kufanya hivyo mapema kwa wosia, huku watoto wake wote wakisikia, wa Kasai na wa hapa.